Vinyonga wa Msitu wa Bibi

Kilakala, Morogoro
14 Machi 1992

Mpendwa Mjomba Anselmi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya Joyce, ambaye amerefuka mpaka gauni la mwaka jana nimemkatia liwe blauzi. Sisi wazima, ukiacha mafua ya masika. Baba Joyce bado yuko machimboni Mererani. Barua zake ama zinapotea njiani ama haziandikwi, na mimi nimeacha kuuliza ni lipi kati ya hayo. Kikohozi chako je? Ile dawa niliyokutumia unakunywa au unawagawia majirani?

Mjomba, jambo lililonikalisha chini kuandika ni hili. Kiwandani wametusomea majina. Walituita uani asubuhi, wakasema kiwanda kinatafutiwa mwenye mali mpya na watu lazima wapungue, wakaanza kusoma. Langu lilikuwemo. Miaka yote ile kwenye mashine za nyuzi, nimerudi nyumbani na doti moja ya khanga ya kuagwa. Nililia, sikufichi.

Lakini Mungu si Athumani. Kuna bwana mmoja, Castory, amepanga nyumba kubwa huku mjini na ana kibali cha kupeleka wanyama hai Ulaya. Si simba wala twiga. Ni vyura, nyoka, majongoo, vinyonga. Wazungu wanawafuga sebuleni ndani ya masanduku ya vioo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na siku hizi kila kitu ruksa. Amenichukua niwe mtunzaji wa hao wanyama. Watu walikuwa wengi mlangoni, wengine wana vyeti. Mimi alinichukua kwa kuwa nilimwambia kwamba wale vinyonga wa pembe tatu anaowatafuta wamejaa kwenye Msitu wa Bibi, na kwamba mwenye kauli juu ya msitu ule ni mjomba wangu.

Kwa hiyo naomba, Mjomba. Kapu moja tu la kuanzia. Salum wa lori la ndizi atalibeba.

Mpwa wako,
Yuliana


Matombo
5 Aprili 1992

Mpwa wangu Yuliana,

Marahaba, na marahaba ya Joyce. Barua yako ilikaa misheni kwa muda kwa sababu mvua imekula barabara kule chini na hakuna gari lililopanda. Huku ndizi ni nyingi mpaka nguruwe wanachagua. Mke wa Kondo amejifungua pacha, na Kondo, ndugu yangu huyu wa mama mdogo, anatembea kijijini kana kwamba yeye ndiye aliyewabeba tumboni. Dawa nakunywa. Jirani nampa nusu.

Habari ya kazi yako imeniumiza. Nilikaa na barua mkononi mpaka uji ukapoa.

Sasa hao unaowaomba, unawajua vizuri? Nilifundisha sayansi darasa la sita mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nilianza na kinyonga. Madume ndio wenye pembe tatu, na hawazivai kwa urembo. Wakikutana kwenye tawi jembamba wanasukumana kama mbuzi mpaka mmoja aanguke. Ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake. Jicho moja linatazama mbele na lingine nyuma, kama mama mwenye watoto wawili sokoni. Na hawa wa kwetu hawatagi kama wale wa bondeni. Udongo wa huku juu ni baridi, yai lingeoza, basi jike hubeba watoto tumboni, akiota nao jua kila asubuhi wapate joto, mpaka awazae wakiwa wazima. Nawapenda, sikatai.

Lakini wewe ni mtu wa kwetu, na unajua. Ukoo wetu haumshiki kinyonga. Koo nyingine zinatucheka, zicheke. Bibi wa kwanza alipozikwa kwenye msitu ule, kinyonga alikaa juu ya udongo wa kaburi mpaka mvua zilipokatika, wazee wakasema amepewa kumlinda. Mtu wa kwetu akimtia mkononi, hali tena chungu kimoja na ndugu zake, haingii kwenye tambiko, na akifa hazikwi msituni. Mimi ndiye mndewa, mwenye kiti cha ukoo, na tambiko naliongoza mimi. Mahali pangu pa kulala nimeshapachagua, kando ya mama yako, dada yangu. Mambo ya misa na mambo ya msitu nimeyabeba yote mawili siku zote, na padre anajua.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Omba kingine. Omba ndizi.

Mjomba wako,
Anselmi


Kilakala
26 Aprili 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ndizi zimefika na Joyce amekula mpaka nimezificha juu ya kabati. Hongera nyingi kwa Kondo na mama pacha. Hapa joto limerudi mara tu mvua ilipopungua, na paa la nyumba niliyopanga linalia mchana kutwa.

Nilimsomea Bwana Castory barua yako, ile sehemu ya pembe na ulimi tu. Alifurahi sana, akaniomba nirudie. Sehemu ya tambiko sikumsomea. Nilimwambia magoti yako yanakusumbua. Akasema hakuna neno, anao vijana wake, watapanda wenyewe baada ya mvua. Mjomba, vijana wale nimewaona walivyorudi kutoka kwenye misitu ya Turiani. Wanakata tawi zima kwa panga, wakiona mti umejaa wanauangusha mti. Wakishajua njia ya Msitu wa Bibi hawatakuuliza wewe wala Kondo. Na mimi nitakuwa sina kazi, kwa kuwa kazi nilipewa kwa ajili ya mjomba wangu.

Sikutishi. Nakuambia lililopo. Mkono mtupu haulambwi, na mimi mkono wangu mtupu. Mama angekuwepo ningemwomba yeye aje akuombe. Hayupo. Umebaki wewe.

Yuliana


Matombo
24 Mei 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Pacha wa Kondo wanaendelea vizuri, ila mmoja analia kama perere wa mitini usiku wote na nyumba nne hazilali. Mkarafuu wa mama yako umechanua mapema.

Kapu naamini umelipokea kwa mkono wa Salum, maana aliondoka nalo Alhamisi. Barua hii naipitisha misheni kwa sababu Salum hufungia karanga kila karatasi anayopewa.

Umenishika pabaya ulipomtaja mama yako, na ulijua. Basi nikaona ni heri niende mimi kuliko wale wa mapanga. Na sikuwashika. Mguu wa kinyonga vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, kama koleo, na chochote kinachomgusa kifuani hukikamata. Nilikata kijiti cha mpera, nikakiweka mbele ya kifua chake. Akakipanda mwenyewe, akiyumba mbele na nyuma kama anayepima upepo. Nikakiingiza kijiti kapuni pamoja naye, nikakata kingine. Kijiti kilimgusa kinyonga, mimi niligusa kijiti. Nimekaa na hoja hiyo na sijaiona kasoro, ingawa sijampelekea Kondo aikague.

Sasa sikiliza sana. Usiwawekee maji kwenye chombo. Hawayajui. Kwao maji ni kitu kinachodondoka, umande na ukungu unaochuruzika kwenye majani. Maji yaliyotulia hawayaoni hata wakiyakanyaga. Wanyunyizie majani asubuhi na jioni walambe matone. Wasikae chini ya bati. Kila dume peke yake, la sivyo watapigana mpaka wachoke. Yule jike mnene kuliko wote ana mimba, mtenge.

Nijulishe walivyofika.

Mjomba wako,
Anselmi


Kilakala
28 Juni 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Mei nimeipata juzi. Misheni waliituma mjini ikapitia sijui wapi. Joyce amekuwa wa pili darasani na anakusalimu. Nimefurahi mkarafuu umechanua.

Vinyonga walifika. Salum ni mwaminifu. Bwana Castory alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema sasa anaamini nina mjomba. Anaomba kapu jingine, na safari hii wawemo wale wadogo wa chini, wenye rangi ya jani kavu na mkia mfupi. Anasema huko wanakokwenda watu wanawatafuta hao kuliko hata wa pembe tatu.

Kikohozi je? Nisamehe, leo nina haraka kidogo.

Yuliana


Matombo
9 Agosti 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie Joyce wa pili ni vizuri, na kwamba wa kwanza hukaa karibu tu. Kikohozi kipo, tumezoeana. Huku kipupwe kimekuwa kikali, ukungu hauondoki mpaka saa sita, watu wanaota moto na kusengenyana.

Umeandika "walifika". Mwanafunzi akiulizwa safari ilikuwaje akajibu "tulifika", mwalimu huweka chaki chini na kumtazama. Wanakunywa? Yule jike amezaa? Hukunijibu hata moja.

Wale wadogo nimewapata. Huyu hana pembe wala rangi ya kujivunia. Amejifanya jani: mstari ubavuni kama mshipa wa jani, ncha ndogo puani kama kikonyo. Ukimfikishia kijiti hakipandi. Anajiachia, anaanguka miongoni mwa majani makavu, analala ubavu na amekufa. Amekufa kabisa, ungemwombea dua. Nilipoteza kadhaa namna hiyo, maana jani katikati ya majani utalipata wapi. Mwishowe mmoja nilimwinua kwa mkono. Nakuandikia wewe tu.

Nilimfumbata kiganjani, na alitetemeka. Mtetemo mdogo wa haraka, kama nyuki aliyenaswa ndani ya ua la boga. Nadhani hufanya hivyo ili aliyemwuma ashtuke na kumwachia. Nimezaliwa chini ya msitu ule, nimefundisha habari zake, na jambo hilo sikulijua, kwa sababu sisi hatushiki. Nilicheka, Yuliana. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kapu nampa Salum pamoja na barua hii. Nimempa na magazeti ya zamani kwa ajili ya karanga zake. Kapu hili ni la mwisho.

Tambiko la mwaka huu ataliongoza Kondo. Magoti yangu hayapandi tena kilima. Usijali.

Mjomba wako,
Anselmi


Kilakala
13 Septemba 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimemkuta Eufrazia wa kwetu sokoni, ameleta ndizi. Nilipomwamkia aliitikia akiwa anatazama mizani. Nikamwuliza, "Mjomba anaendeleaje na magoti?"

Akasema, "Magoti gani, mwanangu? Mjomba'ako hali na watu. Wewe hujaambiwa?"

Akanieleza. Walikuwa wanatoka kuni, yeye na wenzake wawili, wakasikia mtu anacheka ndani ya Msitu wa Bibi. Wakadhani mtu amepatwa na kichaa. Walipochungulia wakakuona umesimama, umemshika kinyonga mkononi. "Mimi ndiye niliyekwenda kwa Kondo," akasema, "nisingesema mimi wangesema wale." Nikamwuliza wazee walikuuliza nini. "Wakamwuliza alimtaka wa nini. Akasema alitaka kumtazama tu. Basi wakaamini, si unamjua Mwalimu? Kiti amepewa Kondo." Kisha akanipa kichane cha ndizi, akakataa pesa yangu, akalia.

Magoti, Mjomba? Magoti yaliyopanda msituni mara mbili kwa ajili yangu?

Na mimi nikuambie langu. Wamekufa. Wote. Kapu la kwanza niliwawekea maji kwenye sahani, masafi, nabadilisha kila asubuhi, na niliwaona wakipita juu yake. Nilidhani hawana kiu. Macho yao yaliingia ndani, wakawa wanashuka kwenye vijiti mmoja mmoja. Barua yako ilipofika walikuwa wameshakwisha. Yule jike alizaa. Watoto walitoka kila mmoja na utando wake, wakaupasua wakaanza kutembea, wembamba kama misumari, na mama yao akafa jioni ile. Watoto nao hawakukaa.

Kapu la pili nilinyunyiza maji kama ulivyoagiza, mpaka mikono ikachubuka. Lakini nyumba ya Bwana Castory ni ya bati na Morogoro si Matombo. Wale wa majani walilala ubavu. Nilikuwa nimesoma barua yako kwamba wanajifanya, kwa hiyo nilikaa nikisubiri waamke. Vijana walitaka kuwatupa nikawakataza, nikawaambia mjomba wangu ni mwalimu, anajua. Nilisubiri mpaka wakaanza kunuka.

Hakuna hata mmoja aliyepanda ndege. Bwana Castory amefunga nyumba, amehamia Tanga, anasema milima ya huko ni karibu zaidi. Mimi hakuniaga.

Jumamosi ijayo nakuja na Joyce. Nitasimama mbele ya Kondo na wazee, niwaambie ni mimi niliyeagiza na wewe ulikataa. Halafu mimi na mwanangu tutakaa mlangoni kwako, tutakula na wewe chungu kimoja, na wao watazame.

Yuliana


Matombo
16 Septemba 1992

Usije.

Marahaba kwanza, nimeanza vibaya. Barua yako imenifikia leo asubuhi, na hii nampa Salum mkononi, ameapa ataileta mlangoni kwako kabla ya Jumamosi. Uisome mpaka mwisho kabla hujafunga mizigo.

Kuwa wamekufa nilijua. Nilijua ulipoandika "walifika" ukakimbilia kapu jingine. Hukuwasifu hata kwa neno moja, na mtu hawezi kuishi na kinyonga wa pembe tatu akakosa la kusema. Nikaenda tena msituni nikijua. Nilitaka ubaki na kazi, na kusema kweli nilitaka pia kuwaona wale wadogo kwa karibu. Hilo ni langu, usilibebe. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi zangu zilifupishwa na kicheko.

Sasa sikiliza kama uko darasani. Ukoo wetu unapita kwa wanawake. Mama yako alizaa msichana mmoja, na wewe umezaa msichana mmoja. Shamba la mama yako, migomba ile na mkarafuu, ni lako kwa sababu unakula chungu cha ukoo. Wazee wakisikia kwamba kinyonga aliagizwa na wewe, na kwamba umekaa ukala na mimi, shamba litarudi kwao kabla hujamaliza kushuka kilima, na Joyce hatakuwa na mahali pa kusema "kwetu". Kiwanda kimekufukuza. Yule bwana amekwenda Tanga. Baba Joyce ndiyo hivyo tena. Una shamba lile, basi. Kwa hiyo niliwaambia nilitaka kumtazama tu, na wakauliza kama kuna mtu aliyenituma, nikasema hakuna. Uongo huo umenigharimu na sitaki uende ukauvunja kwa ajili ya uchungu wako. Mimi pia nina uchungu. Nakula peke yangu, na chakula cha mtu mmoja hakina ladha hata ukiongeza chumvi.

Usimchukie Kondo. Jioni huniletea chakula yeye mwenyewe, anakiweka juu ya jiwe la mlangoni, anakohoa ili nijue, anaondoka. Siku nyingine anasimama kidogo kwenye migomba. Jana alikuja na mmoja wa pacha mgongoni, akanigeuzia mgongo ili nimwone mtoto, kwa mbali. Amenenepa.

Tambiko lilifanyika wiki iliyopita. Nilisikia ngoma nikiwa ndani. Kondo alikosea mpangilio wa majina ya wazee, alimruka mmoja, na hakukuwa na wa kumsahihisha.

Sista wa zahanati amenisikiliza kifua mara mbili, na mara ya pili akaniuliza nina ndugu gani mjini. Nimesema sina. Padre atanizika misheni, padre hana ugomvi na vinyonga. Mama yako yuko ng'ambo ya bonde na mimi nitakuwa huku, na hilo linaniuma kuliko kifua, nakuambia wazi ili usidhani nimelikubali kwa urahisi.

Watakuletea habari, na hapo ndipo utapanda, kama mpwa yeyote anavyompandia mjomba wake. Mvalishe Joyce vizuri. Umsalimie Kondo kwa mkono na kumwita Mjomba, kwa kuwa sasa ndiye. Ukae upande wake, pamoja na watu wake, ule watakachokula. Nyumbani kwangu usiingie. Watu watakuwa wanakuangalia wapate kujua, na Eufrazia atakuwa anakuangalia kuliko wote. Kwa hiyo lia, lakini usilie kuliko wengine.

Mjomba wako,
Anselmi